Gari la Barua za Kaskazini

Mtoto yule aliishi majuma kadhaa bila jina. Na kwa kuwa huwezi kulea mtu bila kumwita chochote, nyumba nzima ilimwita Huyu. Huyu amelala. Huyu anataka kunyonya. Mshikie mama yake Huyu kidogo aoge. Ploti yote ile ya Kayole ilizoea, hata muuza maziwa akawa anauliza Huyu anaendeleaje. Wakati huo wote jina lilikuwa linangoja neno la baba yake, na neno la baba yake lilikuwa linangoja mtambo nilioufunga mimi kwa mikono yangu ndani ya stoo ya yadi moja kule Lucky Summer. Kwa hiyo lawama ziliangukia kwangu. Hata leo nikipita Kayole kuna watu wananiangalia vibaya.

Yadi ilikuwa ya bosi mmoja mchimba visima. Mimi nilikuwa fundi wake wa kompyuta, maana yake nilibadilisha wino wa printa, nilifunga matangazo ya dawa za kupunguza tumbo yaliyojaa kwenye skrini yake, na niliulizwa kila wiki kwa nini simu ya mke wake inakula chaji. Sikuwa na furaha. Nilikuwa nimesomea mitandao nikajiona nitakuwa mtu wa maana, na sasa nilikuwa nakalia kiti cha plastiki kati ya mabomba na ndoo za grisi. Niliamka na hasira na nikalala nayo.

Wachimbaji wa bosi walikuwa kaskazini kabisa, mahali ambapo simu ya mkononi ni tochi tu. Kwa kawaida pikapu ya kambi iliwapeleka mjini mwisho wa wiki ili wapige simu nyumbani. Kisha mvua ikaja ikala barabara, pikapu ikabaki upande mmoja na mji upande mwingine. Sahani ya setilaiti, ambayo bosi alikuwa ameniapia kwamba haiharibiki, ilichukuliwa na upepo. Tulikuja kusimuliwa baadaye kwamba mchimbaji mmoja aliikimbilia kwa muda, akarudi akihema na kusema ilikuwa inaelekea Ethiopia.

Kilichobaki ni redio. Kulikuwa na redio mbili kuukuu za masafa marefu ambazo bosi alizinunua kwenye mnada wa watu waliokuwa wanafunga ofisi. Moja ilikuwa kwenye lori la kambi, nyingine ndani ya stoo yetu chini ya turubai. Ya kwetu ilikuwa na kasoro moja: panya walikuwa wamekula waya wa maikrofoni, na hakukuwa na duka Nairobi nzima lililokuwa na waya wa aina ile. Redio ilikuwa haiwezi kusema. Iliweza tu kulia, na kwa bahati kompyuta mbili zikiunganishwa na redio za namna hiyo huweza kuzungumza kwa kulia.

Hapo ndipo nilipopata siku yangu. Nilikuwa nimeiandaa kompyuta ya kambi kwa kazi hiyo kabla haijaondoka, kwa sababu simwamini mtu yeyote anayeniapia kuhusu setilaiti. Nikafunga na ya kwetu. Njia ile ilikuwa nyembamba mno. Picha moja ya simu ingeanza kupita wakati wa chai ya asubuhi na bado ungeikuta njiani wakati wa chakula cha mchana. Kwa hiyo nilikataza picha. Barua za maandishi matupu zilikusanywa kwenye kompyuta ya stoo, programu ikazibana zote pamoja zikawa furushi moja, redio ikalilia furushi lile hadi kambini, na kule kompyuta nyingine ikalifungua na kumpa kila mtu barua yake. Ukitaka kuelewa kubana, waangalie watu wa soko la mitumba la Gikomba wanavyoshindilia nguo kwenye belo. Ila programu yangu ilikuwa na ujanja zaidi. Ikiona maneno yaleyale yamerudi, haiyaandiki tena, inaweka alama ndogo tu kusema: kama pale juu. Mtambo ulifanya kazi siku ya kwanza. Hakuna aliyenipongeza.

Bosi aliuliza swali moja. "Hiyo kitu ikituma, kambini inakuwaje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba betri ya lori inatosha kusikia mlio wa kuitwa tu, kambi ina jenereta moja, na ili redio ipate nguvu ya kupokea furushi lazima drili izimwe.

"Kila saa?"

"Tunaweza kupanga saa. Tuseme asubuhi na jioni."

Bosi alitikisa kichwa kwa huruma. Kabla ya visima alikuwa na magari ya abiria, na mpaka leo mambo yote ya dunia huyaona kupitia kioo cha mbele. "Gari ya saa ni ya kwenda airport," akasema. "Ya watu wetu inaondoka ikijaa. Hiyo yako inabeba abiria wangapi?"

Nilieleza kwamba furushi halina abiria. Akasema gari lisilojulikana linabeba wangapi ni la kushikwa na polisi. Tulivutana mpaka nikachoka, nikaweka kipimo alichotaka: furushi likifika ukubwa fulani linaondoka, lisipofika linangoja. Likishajaa, hata herufi moja haiingii. Nikachora mstari wa kijani kwenye skrini uonyeshe limejaa kiasi gani, na skrini nikaielekeza dirishani ili watu wasinisumbue kwa maswali.

Ni sehemu pekee ya kazi yangu ambayo watu waliwahi kuielewa. Nimejaribu maisha yangu yote kumweleza mama yangu mtandao ni nini na nimeshindwa, lakini familia za wachimbaji zilipoambiwa kwamba gari la barua huondoka likijaa, walisema "aah" kwa pamoja, wakaketi kwenye benchi kungoja. Askari wa geti, mtu mzima mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka, aliuona ule mstari wa kijani mara moja tu na kazi yake ikabadilika. Zamani alikuwa amefanya kazi ya utingo stejini. Sasa alisimama nje ya geti akipiga bati kwa kiganja.

"Kaskazini! Kaskazini hapa! Barua ya kaskazini, bado mbili inatoka!"

Nilimwambia aache. Akaniambia, "Madam, wewe shughulika na injini."

Ndivyo mambo yalivyokuwa pale mtoto alipozaliwa. Baba yake alikuwa mmoja wa wale wachimbaji, kijana mpole aliyeondoka mkewe akiwa na tumbo kubwa. Mtoto alikuwa msichana. Alikuwa na mabibi wawili, na kila mmoja alikuwa na sauti ya kutosha kuendesha redio bila umeme.

Mama wa baba alitoka magharibi, akauza mboga za kienyeji Kayole, na kwao bibi huitwa kukhu, kwa hiyo sote tulimwita Kukhu. Mama wa mama alitoka upande wa mlima, akauza supu pale Soko la Burma, na yeye tulimwita Shosho. Walikuwa wakigombania jina la mtoto tangu mimba haijaonekana. Ungedhani kila mmoja alitaka mtoto aitwe kwa jina lake. Mimi pia nilidhani hivyo, nikajiandaa. Siku walipokuja yadini pamoja, wakiwa wamevaa nguo za kanisani na kukalia ncha mbili za benchi, ndipo nilipoambiwa kesi yenyewe.

"Mimi siombi kitu," akaanza Shosho. "Kwetu msichana wa kwanza anaitwa mama ya mume. Ni haki yake huyu muthoni wangu, mkwe mwenzangu. Nampa. Sasa muulize mbona hataki kupewa."

"Kwa sababu niko hai!" akasema Kukhu. "Kwetu mtoto anapewa jina la mtu ametangulia. Ukimpa jina ya mtu anapumua, si ni kumwambia huyo mtu atoke? Mimi nimefua leo. Nimekula ugali. Huyu mkwe wangu ananitafutia jeneza na bado ananiambia ni heshima."

Kukhu alitaka jina la mama yake, marehemu. Nikamuuliza Shosho kwa nini asikubali tu, kama yeye mwenyewe haombi kitu. Shosho alinitazama kama mtu aliyemwona mwizi.

"Msichana wa pili ndiye anaitwa jina langu. Mimi nina binti mmoja tu, huyo huyo. Kama wa kwanza hajapewa mwenyewe, wa pili atatoka wapi? Huwezi kuanza foleni na mtu wa pili, msichana."

Kwa hiyo Shosho alikuwa akipigania jina la Kukhu ili siku moja apate lake, na Kukhu akipigania uhai wake. Hawakukubaliana kwa lolote ila moja: baba wa mtoto aseme, na atakalosema liwe. Na aseme upesi. Mchungaji alikuwa ametangaza Jumapili ya ubatizo wa watoto, alikuwa anahamishwa baada ya hapo, na alikuwa amesema wazi kwamba hatambatiza mtu anayeitwa Huyu. Mama wa mtoto naye alilia kila alipopelekwa kliniki, kwa sababu kadi ya mtoto ilikuwa na nafasi tupu na nesi alikuwa akiigonga kwa kalamu. Hilo aliniambia Shosho, na Kukhu akalikubali kwa kichwa.

Nikakaa kwenye kompyuta. Kukhu akasema, mimi nikaandika. Aliwasalimu wachimbaji wote katika jina la Bwana, akawasalimu tena kwa niaba ya akina mama wa kanisa, akasema sisi huku sote hatujambo, hofu ni kwenu, akaomba Mungu alinde kambi, akasema suala la jina mwanawe analijua, aseme jina ni la nani, akafunga kwa salamu. Shosho akasema ya kwake. Salamu zilikuwa zilezile. Nikatazama mstari wa kijani. Haukusogea.

Wakaandika tena, na tena. Familia nyingine nazo ziliandika. Mtu wa mitaa yetu ya Eastlands akishika nafasi ya kuandika barua anakumbuka adabu zote alizofundishwa, na adabu zote tulifundishwa na watu walewale. Kila barua ilianza kwa salamu zilezile, ikaendelea kwa hatujambo ileile, ikaisha kwa maombi yaleyale. Programu yangu ilisoma ya kwanza na kusema kama pale juu kwa zilizobaki. Barua zilijaa, furushi likabaki jembamba. Tangu mtoto azaliwe gari halikuwa limeondoka hata mara moja.

"Hii gari ni mgonjwa," akasema askari. "Watu wameingia wote hawa na haijai?"

Nikamweleza kubana. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akafanya kile wanachofanya stejini gari likikataa kujaa, akatafuta watu wa kukalia viti. Unawajua, wale wanaoketi ndani wakijifanya abiria ili wengine waone gari limekaribia kujaa. Alimleta fundi viatu wa pale nje, akaleta wanawake wawili wa kibanda cha chai, akaleta kwaya nzima ya kanisa la Kukhu iliyokuwa inapita kutoka mazoezini, wote waandike chochote kwa mtu yeyote. Kwaya iliandika wimbo wao. Wimbo ulikuwa na kiitikio kimoja kilichorudiwa mpaka vidole vyangu vikauma. Mstari wa kijani haukusogea. Nadhani ulirudi nyuma kidogo, ingawa najua hilo haliwezekani.

Nikapandwa na hasira. Nikasimama dirishani nikawaambia wote kwamba maneno yanayojirudia hayana uzito. Nikasema, "Nipeni kitu kipya! Semeni kitu ambacho hakuna mtu amesema!" Watu walitazamana. Fundi viatu alinyanyua mkono, kisha akaushusha.

Siku hiyohiyo, mama wa mtoto alikuja kwa mara ya kwanza. Alikuwa mwembamba, amemfunga Huyu kifuani kwa leso, akitembea kwa uangalifu kama mtu ambaye bado ana maumivu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna nafasi ya mstari mmoja. Kabla sijajibu, Kukhu alimshika bega.

"Wewe una uzazi mbichi, mwanangu. Rudi ulale. Sisi tumeandika kila kitu."

"Kila kitu," akasema Shosho. Lilikuwa jambo la pili walilokubaliana.

Aliondoka. Sijui ni nini kilichofuata kati ya wale wazee wawili, nani alisema nini, kwa sababu nilikuwa nimeinamia waya. Niliposikia kelele, Kukhu alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

"Andika. Usiweke salamu. Andika, mwanangu, mwambie mama mkwe wako kwamba supu yake ya Burma ni maji yalipita karibu na mfupa."

Nikaandika. Macho yangu yakaenda kwenye mstari. Ulikuwa umesogea.

Shosho akamsukuma kando. "Na mimi. Andika, mkwe wangu, nakuheshimu sana, lakini mama yako mboga zake hunyauka zikimsikia tu akianza kuongea."

Ukasogea tena. Nikaelewa, na nikaona wazi kwamba sitawazuia. Salamu hurudi, matusi ya wazee wale hayakurudi hata moja. Yalitoka mapya, kila moja limetengenezwa pale pale kwa ajili ya mtu yule, na programu yangu ilihangaika kutafuta pale juu na haikuona kitu. Kukhu alieleza jinsi Shosho anavyoomba kanisani akiwa amefumbua jicho moja kuangalia viatu vya watu. Shosho alieleza harusi ambayo Kukhu alibeba pilau kwenye mkoba, mkoba ukavuja kwenye mapaja ya bwana harusi. Watu wa benchi walikuwa wameacha kupumua. Askari alikuwa anasoma mstari kwa sauti kubwa getini: "Nusu! Imepita nusu! Bado kidogo kaskazini!" Bosi alitoka ofisini na kikombe chake, akaegemea mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aniajiri akaniambia, "Hapo sasa unafanya kazi."

Waliendelea kesho yake, na kesho yake. Walikuja mapema, wakaulizana kama wamekunywa chai, kisha wakaanza. Niliandika yote. Jina la mtoto lilitajwa humo, jina la nani, kwa haki gani, kwa mila ipi. Hatimaye Shosho alisema jambo moja kuhusu jogoo wa Kukhu ambalo sitalirudia, na mstari ukafika mwisho.

"Imejaaaa!" askari akapiga bati. "Twende!"

Wakati huohuo mama wa mtoto akaingia getini, amekuja tena, karatasi ndogo mkononi. Askari akamsimamisha kwa kiganja, bila ubaya wowote. "Imejaa, mama. Ngoja inayokuja." Nikabonyeza. Redio ikaanza kulia, kilio kirefu kinachopanda na kushuka, mbwa wote wa Lucky Summer wakaitikia. Kule kaskazini drili ilizimwa kwa ajili ya supu na jogoo. Mama wa mtoto alisimama kidogo akisikiliza, akakunja ile karatasi, akaondoka.

Ilikuwa wiki ya ile Jumapili ya ubatizo. Tulingoja jibu, na jibu nalo lilikuwa gumu kuja, kwa sababu bosi alikuwa ameweka sheria yake kule pia na wachimbaji si watu wa maneno. Wote waliandika niko sawa, salimia watoto, na programu ya kambi ikabana wanaume wote wale mpaka wakawa mtu mmoja aliye sawa. Ijumaa asubuhi, redio ililia bila kutarajiwa. Habari ilipofika Kayole, yadi ikajaa watu. Kukhu alikuja, Shosho alikuja, mama wa mtoto alikuja na Huyu kifuani, bosi akatoka na kikombe. Furushi lilipofunguka tukaona lilikuwa karibu tupu. Yule aliyeshika kompyuta ya kambi alikuwa ameliachilia kabla halijajaa, kinyume na sheria, na ndani mlikuwa na barua moja.

"Soma," akasema Kukhu.

"Jina la nani?" akasema Shosho.

Nikasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo tulivyozoea pale.

"Mama zangu wawili, barua zenu nimezisoma zote. Wenzangu pia wamenisaidia kuzisoma. Nimezisoma tena usiku na tena asubuhi nikitafuta mahali. Naomba mnijibu kitu kimoja. Mtoto amezaliwa? Mke wangu yuko hai? Mbona yeye hajaandika? Kama kuna jambo mnanificha, nimekaa chini, niambieni."

Nilisikia mafuta ya chapati yakichemka kwenye kibanda cha nje. Nilipitia kichwani barua zote nilizoziandika, salamu na maombi na mapaja ya bwana harusi, nikaona kwamba ni kweli. Hakuna mahali. Mabibi wale walikuwa wakigombania jina tangu mimba. Mtu akisoma kule kaskazini angejuaje kwamba mimba imeisha, na imeisha vipi?

"Kwani hukumwambia?" Kukhu akamuuliza Shosho polepole.

"Mimi? Habari ya mtoto si hutoka kwa wenye mtoto? Ni upande wa mume hutangaza. Ningeanzaje mimi?"

"Lakini binti ni wako. Kwetu mama ya binti ndiye anasema binti ametoka salama. Ningekuruka?"

Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake kwa heshima. Kukhu aliketi kwenye benchi kwa nguvu, akashika kichwa, akasema mwanangu, mwanangu, amekaa chini. Nilikuwa nimewahi kumwona akicheka, akiimba na akitukana, na sikuwahi kumwona akiogopa. Shosho alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Mimi mwenyewe nilishindwa kuwatazama. Nilimtazama mama wa mtoto.

Alikuwa ameshafika kwenye meza. Alinipa Huyu nimshike, bila kuuliza kama najua kushika mtoto, akaketi kwenye kiti changu cha plastiki na kuandika mwenyewe, kwa vidole viwili. Niliona alichoandika kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Alizaliwa salama. Ni msichana. Mimi ni mzima. Simama. Hakuweka salamu yoyote.

Mstari wa kijani ulikuwa kitone tu. Sote tulimgeukia bosi. Askari, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria asiyoipenda, akasema, "Mzee, hapo ni abiria mmoja."

Bosi aliweka kikombe chake chini. "Ondoa gari," akasema.

Nikabonyeza kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mwingine. Kilio kilikuwa kifupi sana, mbwa hawakupata hata nafasi ya kuanza. Kisha tukangoja na hakuna aliyekwenda kazini. Supu ya Burma siku hiyo haikupikwa. Jibu lilikuja kabla ya chai ya bosi kupoa, barua moja tu ndani ya furushi kama mara ya kwanza. Nikalisoma nikiwa nimesimama.

"Mungu ni mwema. Nimesimama. Drili imezimwa na tunaimba huku. Jina muulizeni aliyemzaa."

Basi macho yote yakamwendea. Alimchukua mtoto kutoka kwangu, akamfunga vizuri, akalitaja jina. Alilitaja haraka haraka kama kitu kilichozoeleka mdomoni, na mtoto, niseme kweli, hakushtuka hata kidogo. Halikuwa jina la Kukhu wala la mama yake Kukhu. Halikuwa la mtu yeyote wa pande zote mbili, aliye hai wala aliyekufa. Niliwaona wazee wakilipima kimyakimya, kila mmoja kwa mila yake. Kukhu hakuwa amezikwa. Foleni ya Shosho haikuwa imeanza, kwa hiyo haikuwa imeharibika. Hakuna aliyepata alichotaka na hakuna aliyekuwa na la kulalamikia, jambo ambalo liliwaudhi wote wawili kwa kiasi kilekile.

"Umempa lini hili jina?" akauliza Shosho.

"Siku aliyozaliwa."

"Na sisi tunamwita Huyu mchana kutwa, unatusikia tu?" akasema Kukhu. "Mbona hukutuambia?"

Alikuwa anafunga fundo la leso begani. Hakuinua kichwa, na wala hakuwa na hasira.

"Nilikuja kusema," akajibu. "Nikaambiwa imejaa."